Tumaini Lenye Kipimo: Shabiki wa Gor Mahia na Siku za Mwisho za Ligi

Usikate kanzu na mwana hajazaliwa, walisema wahenga. Lau wahenga hao wangalifika kisiwani Rusinga mwezi wa Mei, wangaliziona kanzu sufufu zikikatwa, zikishonwa na hata kuvaliwa, ilhali mwana angali tumboni mwa mamaye. Ligi Kuu ya Kenya inapobakisha mechi tano au sita kutamatika, swali huwa moja tu kuanzia mjini Mbita, kuvuka daraja, hadi Kaswanga na Litare: je, Gor Mahia itatwaa taji? Huulizwa ufuoni penye mitumbwi iliyopinduliwa, huulizwa kwa vinyozi, huulizwa nje ya kanisa ibada inapokwisha. Ajabu ni kwamba jibu huwa limekwisha kutolewa kabla ya swali. Wapo wasemao kwamba taji ni letu, lililobaki ni kulipokea. Na wapo, hasa baada ya sare moja au mbili, waapao kwamba timu imekwisha na kwamba wao hawatausikiliza tena mpira.

Mimi ni shabiki wa timu hii tangu utotoni, na watu wa makundi haya mawili ni jamaa zangu niwapendao. Hata hivyo, naona kwamba makundi yenyewe, japo hupingana kwa kelele, yametoka katika tumbo moja: yote mawili hayataki kuhesabu. La kwanza halihesabu kwa sababu lina furaha. La pili halihesabu kwa sababu lina hasira. Dai langu katika makala haya ni kwamba iko njia ya tatu, nayo ni ya tumaini lenye kipimo; kwamba njia hiyo haimpunguzii shabiki mapenzi yake; na kwamba kwa watu wa kisiwa chetu, ambao mwisho wa ligi huwakuta mifuko yao ikiwa mitupu, kuijua njia hiyo si anasa ya wasomi bali ni jambo la riziki.

Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa Kiswahili, na tuanze na lugha. Kiswahili kimetukirimu maneno matatu ambayo mashabiki huyachanganya kama mchele na chuya: tamaa, tarajio na tumaini. Tamaa ni kutaka kitu pasipo kuuliza bei yake. Mwenye tamaa haangalii kilichomo mkononi mwake wala kilichomo mkononi mwa mwenzake. Yeye hutaka tu, na ndiyo maana ikasemwa kuwa tamaa mbele, mauti nyuma. Tarajio ni ngojeo lenye ushahidi: aonaye wingu jeusi juu ya ziwa hutarajia mvua, kwani dalili ya mvua ni mawingu. Tumaini limo kati ya hayo mawili. Hulitazama wingu, na hukubali pia kwamba upepo wa ziwani waweza kulipeleka wingu hilo kwa watu wengine. Ila halikunji jamvi kabla ya wakati. Isitoshe, mtu aliyevunjika moyo kabisa Kiswahili husema kwamba amekata tamaa. Naona hekima katika msemo huo. Kinachokatwa ni tamaa. Yamkini mtu akishaikata ile hamu isiyohesabu, bado aweza kubaki na tumaini lake, tena likiwa safi zaidi.

Lakini kwa nini shabiki wa Gor Mahia apate taabu ya kuhesabu kuliko mashabiki wengine? Sababu imo katika jina lenyewe. Klabu hii, iliyoasisiwa mwaka wa 1968 na kutwaa ubingwa wa nchi mwaka huo huo, ilipewa jina la Gor, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, eneo lililo Ndhiwa katika Kaunti hii yetu ya Homa Bay. Mahia, kwa Kijaluo, ni maajabu au miujiza. Basi kabla mchezaji hajaugusa mpira, jina limekwisha kumwahidi shabiki muujiza. Na muujiza wenyewe haukukosa kutokea. Mwaka wa 1979 Gor ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika ikanyukwa na Canon ya Yaoundé mabao 2-0 jijini Nairobi na 6-0 ugenini. Miaka minane baadaye, mwaka wa 1987, ikarejea katika fainali ya kombe hilo hilo dhidi ya Espérance ya Tunisia, ikatoka sare ya 2-2 jijini Tunis na 1-1 jijini Nairobi, ikatawazwa bingwa kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara zima.

Mzee yeyote wa Rusinga aliyekuwa na redio mwaka huo atakusimulia siku ile kana kwamba jana. Atakachosahau kukusimulia ni kwamba ule haukuwa muujiza hata kidogo. Ulikuwa ni hesabu. Sare mbili si ushindi. Mabao mawili yaliyofungwa Tunis ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko bao moja ambalo Espérance ililifunga Nairobi. Wachezaji wetu waliingia uwanjani siku ile wakijua kwamba hata sare tasa, au sare ya 1-1, ingewatosha. Kwa hivyo siku kubwa kuliko zote katika historia ya timu ya miujiza iliamuliwa na watu waliojua kujumlisha. Hili nalitaja mapema ili asije mtu akadai kwamba kuhesabu ni kumsaliti Gor.

Ipo meza ya kwanza ambayo shabiki hana budi kuisoma, nayo ni jedwali la alama. Ligi yetu ina timu 18, kila moja hucheza mechi 34, na ushindi huleta alama 3. Tuseme zimesalia mechi 6, na Gor iko nyuma ya kiongozi kwa alama 4. Alama zilizoko uwanjani ni 18. Shabiki mwenye tamaa huzitia zote 18 kapuni mwake, kisha husahau kwamba kiongozi naye ana mechi 6 na kapu lake. Kiongozi huyo akijikusanyia wastani wa alama 2 kwa kila mechi, atapata 12. Ili tumfikie yatupasa tupate 16, yaani tushinde mechi 5 na kutoka sare 1. Na hapo tutakuwa tumelingana naye tu, kanuni za kuwatenganisha waliolingana ndizo zitakazoamua. Ili tumpite waziwazi yatupasa tushinde zote. Sasa shabiki na ajiulize: timu hii, tangu msimu uanze, imewahi kushinda mechi sita mfululizo? Ikiwa imewahi, tumaini lina miguu. Ikiwa haijawahi, tumaini linachechemea, ingawa halijafa.

Hesabu hii ndogo, ambayo mwanafunzi wa darasa la tano anaiweza, ingetuepusha na mengi mwaka wa 2012. Msimu huo ulifika siku ya mwisho Gor ikiwa na taji mkononi, ikihitaji kuishinda Thika United. Ilitoka sare. Tusker ikashinda mechi yake na kutwaa ubingwa kwa tofauti ya alama 1. Kwetu kisiwani palikuwa na watu waliokwisha kununua soda za kusherehekea. Mwaka uliofuata, 2013, Gor ikawa bingwa, na kiu iliyodumu tangu 1995 ikakatwa baada ya miaka 18. Mwaka wa 2015 ikatwaa taji bila kushindwa hata mechi moja, na mwaka huo hesabu ilikuwa rahisi kama kuhesabu vidole. Mwezi wa Juni 2023 mambo yakarudi siku ya mwisho tena, Gor na Tusker zikikimbizana, na safari hii Gor ikamaliza mbele. Ubingwa wa msimu wa 2023-24 ukawa wa 21. Msimu wa 2024-25 taji likaenda kwa Kenya Police, kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu hiyo. Ukiitazama miaka hiyo yote pamoja, utaona kwamba siku ya mwisho si rafiki wala adui wa mtu. Hukabidhi taji kwa yule ambaye alama zake za Septemba na Oktoba zilimwekea akiba.

Baba yangu mdogo ni mvuvi wa omena. Hakusoma sana, lakini katika elimu ya kupima sijakutana na mwalimu wa kumshinda. Omena, ambayo wenzetu wa pwani huiita dagaa, huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa: zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola. Samaki hufuata mwanga, na mwanga wa mvuvi hauna nguvu mwezi unapong'aa. Kwa hivyo mvuvi wa omena huishi kwa kuzihesabu siku za mwezi. Usiku wa mbalamwezi haingii ziwani akategemea baraka. Hubaki nchi kavu akashona nyavu. Siku moja nilimwuliza kama hachoki kungoja. Akanijibu: "Mwanangu, mwezi hauombwi kutua. Unahesabiwa, halafu unatafuta kazi ya kufanya hadi giza lirudi." Na hata samaki wenyewe wakishavuliwa na kuanikwa, akina mama hawawauzi kwa kukadiria kwa macho, huwapima kwa gorogoro, na atakayejaza gorogoro nusu akadai limejaa atasikia maneno ya sokoni. Watu wa namna hii, ambao kila kitu chao kina kipimo, kwa nini wafikapo kwenye kandanda wakubali kuuziwa tumaini bila gorogoro?

Meza ya pili haichapishwi kwenye magazeti, nayo ni orodha ya wapinzani waliosalia. Shabiki wa kawaida huigawa orodha hiyo katika timu kubwa na timu ndogo, akaziogopa kubwa na kuzidharau ndogo. Mwishoni mwa msimu mgawanyo huo hupotosha. Timu iliyo katikati ya jedwali, isiyo na taji la kuliwania wala shoka la kuliogopa, yaweza kuwa kubwa kwa jina ikacheza kama watu waliokwisha kufunga mizigo ya likizo. Lakini timu iliyo chini kabisa hucheza kwa ajili ya uhai wake. Kanuni za ligi huzishusha daraja timu mbili za mwisho moja kwa moja, nayo iliyo ya 16 hupelekwa kwenye mchujo dhidi ya timu ya tatu ya Ligi ya Taifa ya Supa.

Neno mchujo lastahili kutazamwa. Limetokana na kuchuja, kama achujavyo mtu chai au tui la nazi: kinachopita ni kile chepesi kilichokubaliwa na chujio, na machicha hubaki nyuma. Timu inayokabiliwa na mchujo inajua kwamba kazi ya miezi kumi itamiminwa katika chujio la mechi mbili. Ajuaye uzito wa jambo hilo ni shabiki wa Shabana, jirani zetu wa Kisii, ambao walishuka daraja mwaka wa 2006 na hawakurejea Ligi Kuu hadi mwaka wa 2023. Miaka 17! Mtoto aliyezaliwa timu ikishuka alikuwa karibu kupewa kitambulisho iliporudi. Kwa hivyo Gor inapokutana mwezi wa Mei na timu ya 15 au ya 16, mimi huiandika mechi hiyo kuwa ngumu, hata kama duru ya kwanza tuliifunga mabao manne. Wasiokuwa na cha kupoteza ni wachache. Wenye kila kitu cha kupoteza ni wengi, na hao ndio hutoa sare zinazovunja mioyo.

Meza ya tatu ndiyo isiyopendwa kuzungumzwa, nayo ni mfuko. Katika ligi yetu si haba timu kushindwa na njaa kabla ya kushindwa na mpinzani. Kwa jambo hili hatuna haja ya kusafiri mbali kutafuta mfano. Uko Awendo, Kaunti ya Migori. Sony Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha South Nyanza, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 2006. Naurudia mwaka huo kwa sababu vijana wengi wa sasa hudhani ni uongo: bingwa wa nchi nzima alitoka katika mashamba ya miwa ya Awendo, wakati ambapo Gor yenyewe ilikuwa imekaa zaidi ya miaka kumi bila ubingwa. Kisha, katika msimu wa 2019-20, Sony Sugar ikaondolewa ligini baada ya kukosa kufika uwanjani kwa mechi tatu. Timu haikufungwa mabao; ilikosa uwezo wa kusafiri. Mwaka huo wa 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ilikuwa imeondoa ufadhili wake katika soka ya Kenya baada ya leseni yake kutofanywa upya, na klabu nyingi, Gor ikiwemo, zikabaki zikitapatapa.

Tangu wakati huo nimejifunza kuuliza maswali ambayo hayana utamu kibandani. Je, wachezaji wamelipwa mwezi uliopita? Je, mshambuliaji wetu bora atabaki hadi mwisho, ama atauzwa katikati ya msimu ili wengine wapate mishahara? Mechi tatu mfululizo za ugenini, timu itasafiri usiku kucha kwa basi na kuingia uwanjani mchana? Mchezaji ambaye mwenye nyumba amemfungia mlango hana miguu ile ile aliyokuwa nayo mwanzoni mwa msimu. Ukiniambia kwamba Gor iko alama 2 nyuma na imelipa mishahara, nitakuwa na tumaini kubwa kuliko ukiniambia kwamba iko alama 2 mbele na wachezaji wamegoma mazoezi Jumanne.

Sasa niwaeleze wasomaji kwa nini nasema jambo hili ni la riziki. Ligi ilipokuwa ikimalizika Novemba, kama ilivyokuwa hadi miaka ya 2010 ilipokaribia kwisha, mwisho wa msimu uliwakuta wavuvi kazini. Siku hizi ligi humalizika katikati ya mwaka. Na kuanzia Aprili hadi Julai kila mwaka, uvuvi wa omena husitishwa ili samaki wazaane. Ni hatua ya busara, kwani ziwa lisilopumzishwa halina kesho. Ila matokeo yake ni kwamba mechi za mwisho, zile zenye joto jingi, hutukuta vijana wakiwa na nafasi tele na fedha kidogo. Mahali palipo na nafasi tele na fedha kidogo, simu hugeuka kuwa meza ya kamari.

Kijana mmoja wa jirani, ambaye jina lake nalihifadhi, aliingia msimu mmoja wa kufungwa ziwa akiwa na taa nne za kuvulia. Aliuza mbili. Alijieleza vizuri sana: taa hazina kazi hadi Agosti, Gor ina mechi tatu rahisi, na fedha zitakazopatikana zitanunua taa sita. Akabashiri Gor ishinde zote tatu. Ya kwanza ikashinda. Ya pili ikashinda, na jioni ile alitembea kijijini kama bwana harusi. Ya tatu ilikuwa dhidi ya timu iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja, ikawa sare. Agosti ilipofika, wenzake walimchukua mtu mwingine mwenye taa kamili, naye akabaki ufuoni akisaidia kuvuta mitumbwi ya watu kwa ujira wa siku. Hakuacha kuipenda Gor. Bali aliacha kuizungumza, na hilo ndilo lililonihuzunisha zaidi, kwani mpira ulikuwa ndiyo furaha yake ya pekee isiyokuwa na gharama.

Hapo ndipo niliposhawishika kwamba yule asemaye "taji ni letu" bila kuhesabu hafanyi mzaha usiokuwa na madhara. Maneno yake huingia masikioni mwa mtu ambaye ana taa nne. Wala hasara si ya fedha pekee. Shabiki aliyeaminishwa kwamba ushindi ni haki yake huiona sare kuwa wizi. Mwamuzi huwa mwizi, mpinzani huwa mchawi, na viti vya uwanja huwa silaha. Kisha klabu hupigwa faini, au huadhibiwa kucheza bila mashabiki, na timu tunayodai kuipenda hulipa kwa ajili ya mapenzi yetu. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa mtangazaji wa kandanda mwenye sauti iliyowaamsha wasikilizaji vitini. Ni yeye huyo pia aliyekuwa na kipindi cha redio kilichoitwa Je, Huu ni Ungwana? Naona si sadfa kwamba mtu mmoja alizibeba kazi hizo mbili. Swali la kipindi chake lingefaa kuandikwa kwenye mlango wa kila uwanja, na kwenye kila simu ichezeshayo kamari.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni pingamizi lenye nguvu. Mtu ataniambia: ushabiki ukipimwa kwa rula si ushabiki tena. Waliongoja miaka 18, tangu 1995 hadi 2013, wangekuwa na hesabu kama zako wangalihama kambi. Timu ilikuwa ikipigania kutoshuka daraja, hazina haina kitu, ofisi imejaa migogoro. Hesabu ipi ingewaambia wabaki? Ni imani iliyowaweka. Wewe mwenye kalamu na karatasi usingalikuwepo siku ya kusherehekea.

Nalikubali pingamizi hili kwa nusu moja. Ni kweli kwamba hakuna jedwali linaloweza kumwamuru mtu aipende timu. Mapenzi hayo hutangulia hesabu. Sikuichagua Gor baada ya kulinganisha alama, na sitaiacha kwa sababu ya alama. Lakini nawatazama wale waliongoja miaka 18 hapa kisiwani, nami nimeishi nao, na sioni kwamba walikuwa watu wa kuahidi taji kila mwezi wa mwisho. Wenye kuahidi ndio waliohama. Wao walikuwa wakisema, mwaka baada ya mwaka, "mwaka huu hatuna beki," au "mwaka huu tutamaliza katikati, tusishuke tu," kisha wakaenda kusikiliza mechi hivyo hivyo. Walipima, wakaona kwamba kipimo ni kidogo, wakakipokea. Mtu apimaye gorogoro lake asubuhi hashangai jioni. Kwa hivyo naona kwamba ni tumaini lenye kipimo lililodumu miaka 18, na ni tamaa iliyochoka katika mwaka wa pili.

Aidha, kipimo hutupa furaha ambayo mwenye tamaa haijui. Aliyekwisha kujitangazia ubingwa mwezi wa Aprili, ubingwa ukija Juni humletea nafuu tu, kama mtu aliyelipwa deni lake. Lakini aliyehesabu akaona kwamba nafasi yetu ni moja katika nne, ubingwa ukija humjia kama zawadi. Na hata usipokuja, yako madogo ya kufurahia ambayo mwenzake hayaoni: kipa kijana aliyepewa nafasi mechi tatu za mwisho akaonyesha ujasiri, kuimaliza ligi juu ya watani wetu wa jadi AFC Leopards, au kuiona timu kwa macho badala ya kuisikia redioni, kwani katika miaka ya hivi karibuni Uwanja wa Raila Odinga mjini Homa Bay umepokea mechi za Ligi Kuu, na mtu wa Rusinga aweza kupanda matatu Mbita asubuhi akarejea jioni. Kwa baba zetu jambo hilo lilikuwa safari ya Kisumu au Nairobi, na wengi wao walizeeka bila kuiona Gor ikicheza.

Basi, wanachama wenzangu, msimu unapoelekea ukingoni mimi huifanya kazi yangu hivi. Huandika alama zetu na za kiongozi. Huandika mechi zilizosalia, na kando ya kila mpinzani huandika anachopigania: taji, kutoshuka, au likizo. Huuliza habari za mishahara. Kisha hujipa jibu moja la wazi, kwa mfano kwamba tukishinda nne kati ya sita tutamaliza wa pili, na kwamba ili tuwe wa kwanza ni lazima kiongozi ajikwae mara mbili. Jibu hilo huwaambia wadogo zangu bila kuliongeza chumvi, na huwaambia pia kwamba fedha za nyavu hazihusiki na mechi yoyote, iwe rahisi iwe ngumu. Baada ya hapo huivaa fulana yangu ya kijani, nikaingia kibandani, nikapiga kelele kama mwendawazimu hadi kipenga cha mwisho. Dakika 90 hizo hazina hesabu, wala sitaki ziwe nayo. Hesabu nilikwisha kuimaliza nyumbani, na ndiyo inayoniruhusu kupiga kelele bila hofu ya kesho.